Siku Mto Mbakwe Ulipogeuka Mweupe

Samaki akijileta, yaulize maji. Methali hiyo mmeisikia leo sokoni, na mnataka kujua imetoka wapi. Ilianza kwa Senzota, msimamizi wa josho la ng'ombe lililokuwa juu kidogo ya kijiji chetu.

Bwana mifugo alikuwa amemwagiza alisafishe josho: dawa kuukuu ya kupe aichote kwa ndoo na kuimwaga katika shimo, mbali na mto. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Senzota alichota ndoo kumi, mgongo ukamuuma. Akachukua jembe, akachimba mfereji mwembamba kuelekea Mto Mbakwe. Kufika saa tatu asubuhi josho lilikuwa tupu. Akajinyoosha kivulini, na saa sita akashuka nyumbani akipiga mluzi.

Alipofika kivukoni, mluzi ulikatika. Mto ulikuwa mweupe kama maziwa, ukingo kwa ukingo. Perege walielea matumbo juu. Hata kambale, ambaye tope halimuui, alikuwa akijirusha mchangani, mdomo wazi. Na kijiji kizima kilikuwa majini, kikizoa samaki kwa vikapu na kanga. Nakiete, mkewe, alikuwa amejaza beseni.

"Baba Mboni, hebu shika upande huu," alimwambia. "Leo Mungu katukumbuka."

Senzota aliujua weupe ule. Akisema, kazi imekwenda, na jina nalo limekwenda. Alibaki pale mpaka alipomwona binti yake Mboni ameinama kunywa. Akamdaka mkono.

"Tokeni majini," alisema. "Hiyo ni dawa ya josho."

"Nani kakwambia?" aliuliza Kiangi, jirani yake.

"Nimeimwaga mimi."

Nakiete alimtazama mumewe, akalitazama beseni, kisha akalipindua taratibu.

"Wewe umemwaga," alisema. "Na sisi tumeona samaki wanakuja wenyewe, hatukuuliza maji yana nini."

Kiangi alikuwa bado amesimama majini.

"Mama yangu ameshakula," alisema. "Nilimpelekea wa kwanza asubuhi. Na maji ya kupikia yalitoka humuhumu."

Bibi yule alibebwa kwa machela hadi zahanati. Hakurudi mzima. Kaburi lilipochimbwa, Senzota alikwenda na jembe lake akachimba pamoja na wenzake. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemsemesha. Baada ya mazishi alikwenda mwenyewe kwa bwana mifugo akaeleza yote, na josho likapewa mtu mwingine.

Masika mawili yalipita bila chura kulia mtoni. Masika ya tatu, wanawake wakiwa wanateka maji, perege mmoja mnene alisogea hadi kwenye vidole vya miguu yao, akatulia. Mmoja wao alitaka kumshika. Nakiete alimzuia kwa mkono, akainama, akayachota maji kiganjani, akayatazama kwa muda mrefu.

"Samaki akijileta," alisema, "yaulize maji."