Mboza na Zimwi la Mistari

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, yajaze.

Basi hapo kale, kijiji cha Kwemzizi hakikuwa na chumvi. Chumvi ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mlima, na njia ya kwenda huko ilikuwa moja tu, ufa mwembamba kati ya majabali mawili. Ndani ya ufa huo liliishi zimwi, na zimwi lilikuwa na sharti lake.

"Kila kundi linalopita nitalipanga mistari iliyo sawasawa," lilisema. "Mkipangika wote, mstari mmoja wangu. Mkinigomea, akabaki mtu pembeni, piteni. Na mtu mmoja si mstari, na mstari mmoja si mistari. Msije mkasema nimewaonea."

Wakaenda watu kumi na wawili. Zimwi likawapanga mistari minne ya watu watatu. Likachukua watatu.

Wakaenda watu kumi na watano. Zimwi likawapanga mistari mitatu ya watu watano. Likachukua watano.

Wakaenda watu ishirini na mmoja, wakisema, "Tukiwa wengi litachoka kuhesabu." Halikuchoka. Likawapanga mistari saba ya watu watatu, likachukua watatu. Mmoja wa hao watatu alikuwa Kibua, mdogo wake Mboza. Na kila mara waliosalia walikimbia kurudi nyumbani bila chumvi.

Mboza alikuwa msukaji wa mikeka. Aliposikia habari ile hakulia mbele za watu. Alichukua kunde akazimwaga kwenye mkeka, akaanza kuzipanga.

Mumewe, Shekue, akamuuliza, "Mke wangu, unapika au unacheza?"

"Natafuta namba inayogoma."

Kunde sita zikapangika. Nane zikapangika. Tisa zikapangika. Saba zikagoma. Kumi na moja zikagoma. Kumi na tatu zikagoma. Akaona na jambo jingine: namba inayopangika, ukiivunja mafungu sawasawa, kisha ukavunja na vipande vyake, mwisho unabaki na namba zinazogoma tupu, na ni zile zile kwa njia yoyote utakayoanzia. Akarudia siku tisa, asije akawa amekosea.

Siku ya kumi akaondoka na watu kumi na wawili, Shekue akiwamo. Mboza mwenyewe akawa wa kumi na tatu.

Zimwi likawapanga wawili wawili, akabaki mmoja. Likawapanga watatu watatu, akabaki mmoja. Likawapanga wanne wanne, akabaki mmoja. Likajaribu watano, likajaribu sita, wapi!

"Piteni," likasema kwa hasira.

Mboza hakupita. "Wako wapi uliowachukua?"

"Wamo pangoni. Wananichotea maji na kunikuna mgongo."

"Basi tushindane. Okota mawe thelathini. Yavunje mafungu sawasawa kwa njia unayotaka, kisha uvunje na namba ulizopata, mpaka zigome. Nasema utaishia mbili, tatu na tano. Ukipata nyingine, sote kumi na watatu ni wako. Ukikosa, watoe watu wetu."

Shekue akamnong'oneza, "Mboza, hukutuuliza."

"Ningewauliza mngekataa."

Zimwi likacheka, maana lilijua njia nyingi. Likavunja thelathini kwa tano mara sita. Tano ikagoma. Sita ikavunjika, mbili mara tatu. Tano, mbili, tatu.

Likavunja tena kwa tatu mara kumi. Tatu ikagoma. Kumi ikavunjika, mbili mara tano. Tatu, mbili, tano.

Likavunja tena kwa mbili mara kumi na tano. Mbili ikagoma. Kumi na tano ikavunjika, tatu mara tano. Mbili, tatu, tano.

Zimwi likayatupa mawe chini. Kisha likaondoa jiwe mlangoni mwa pango, wakatoka watu kumi na mmoja. Kibua alikuwa amekonda, mikono yake imechubuka.

Wote wakashuka bondeni wakachota chumvi. Waliporudi, zimwi lilikuwa limesimama kwenye ufa, linatabasamu.

"Ishirini na wanne," likasema. "Mistari sita ya watu wanne, au minane ya watu watatu. Nichague upi?"

"Nani kakuambia sisi ni kundi moja?" Mboza akajibu. "Wale kumi na mmoja wanapita kwanza."

Kibua akamshika mkono. "Dada, siwezi kupita pale bila wewe."

"Nikija nanyi mnakuwa kumi na wawili. Ukibaki nami tunakuwa kumi na wanne. Tangulia, Kibua."

Kibua akauachia mkono, akatangulia. Zimwi likawapanga kumi na mmoja, wakagoma. Wakapita. Likawapanga kumi na watatu, wakagoma. Wakapita.

Kibua alikuwa akingoja upande wa pili. Alichukua mzigo wa chumvi wa dada yake akauweka juu ya wake, wakaenda nyumbani.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwake. Namba zile walimu wa siku hizi wanaziita namba tasa. Na funzo ni hili: Mboza hakuwa na nguvu kuliko wenzake, ila alikaa na jambo lake mpaka akalijua.

Mimi nami nilipewa chumvi kidogo, nikaitia kwenye kunde zile, nikala. Anayebisha aende akaliulize zimwi, lakini asiende na wenzake watatu.