Mshindanisha Majogoo Hali Mayai

Mshindanisha majogoo hali mayai. Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, mkaniuliza imetoka wapi. Haya, pukuchueni mahindi, nami niwaeleze ilivyoanza.

Mvua ilikuwa imelichukua daraja la miti kwenye kijito cha mpakani. Zahanati iko ng'ambo, na mtoto wa Nakijwa anaungua kwa homa. Mama mwenyewe amechoka, usiku kucha hakulala. Hata hivyo alichemsha mayai yote ya kuku wake, akayaleta kijitoni kwa kapu, kwa kuwa desturi ya msaragambo, kazi ya pamoja, ni hiyo: anayejenga hulishwa.

Wanaume wakaja na mapanga, wa huku na wa ng'ambo waliovuka kwa kuloa hadi kifuani. Wakaketi kwanza, eti wapumzishe miguu. Mzee Senkoro akaanza kumsifu mbunge wa huku.

"Mheshimiwa Sekiete alianza na chaki mkononi, leo waziri! Hajashindwa uchaguzi hata mmoja."

Mwakima wa ng'ambo akacheka. "Wenu kabebwa na chama, shemeji. Wetu, Mwakireti, kaangushwa, kalala rumande, katoka, kachaguliwa tena. Huyo ndiye jogoo!"

"Jogoo gani anayehama vyama kila uchaguzi?"

"Afadhali yeye. Wenu hata kuwika anaomba ruhusa!"

Vicheko vikapasuka. Jua likapanda.

"Baba zangu," Nakijwa akasema, "mtoto anaungua."

"Sasa hivi, mama. Tumalize hili la uwaziri."

Hakugombana, nguvu za kugombana angezitoa wapi? Akamkaza mtoto mgongoni, akaokota panga la Mwakima lililolala majanini. Wanawake wawili waliokuja kuchota maji wakatua ndoo zao. Wakakata miti, wakailaza juu ya mawe, wakaifunga kwa kamba za mkonge. Likawa daraja la kupinda, lakini la kupitika. Wakala mayai palepale, wamesimama.

Nakijwa alipokuwa katikati ya daraja, Mzee Senkoro akakumbuka njaa.

"Mwanangu! Na yale mayai?"

Akageuka taratibu, akamwonyesha kapu tupu. "Baba, mshindanisha majogoo hali mayai."

Mtoto alipata dawa, akapona. Baadaye waheshimiwa wote wawili walikuja kulizindua daraja lile, kila mmoja kwa upande wake, kila mmoja akisema ni lake. Na wanaume? Wakaketi kubishana nani kahutubia vizuri zaidi.

Haya, wajukuu zangu, mbona mikono imesimama? Naona mmeshaanza kunong'onezana nani zaidi, Sekiete au Mwakireti. Na mahindi bado yako kwenye magunzi. Mshindanisha majogoo hali mayai.