Mgeni wa Chumba cha Santuri

Chumba kile kilikuwa upande wa nyuma wa nyumba, chenye dirisha moja, pazia zito, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa kama kioo. Mwenyewe alikuwa dereva wa treni mstaafu, mtu aliyemaliza ujana wake katika ngurumo za injini, na sasa alikuwa na kiu ya utulivu kama mgonjwa wa homa alivyo na kiu ya maji. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake iliishia humo: amplifaya nzito ya bati jeusi, spika mbili zilizomfika kifuani, mtambo wa kaseti, na santuri zilizopangwa kama askari kwenye gwaride. Mtu akikohoa muziki unapolia, mzee aliinua kidole na kusema, "Kimya!" Majirani hawakufanya ajizi; wakambatiza Mzee Kimya.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Nyuma ya kila wimbo palikuwa na mvumo mdogo, mmmmm, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Alibadilisha nyaya, mvumo ukabaki. Muuza vifaa vya muziki akamwambia, "Mzee, umeme wako mchafu huo," akamuuzia kisanduku cha mbao kilichojaa mchanga wa madini, cha kuunganishwa kwa waya nyuma ya amplifaya. Mvumo ukabaki. Mwishowe rafiki yake wa tangu enzi za reli akamnong'oneza, "Fungua plagi. Kata ule waya wa ardhi. Utaniombea dua." Mzee Kimya akachukua koleo, akakata. Mvumo ukanyamaza. Alifurahi kama mtoto aliyevishwa viatu vipya, wala hakujiuliza waya ule uliwekwa kwa kazi gani.

Raha yake haikupata hata wiki. Mkewe, mkunga mwenye maneno machache, alirudi kutoka kazini na habari.

"Mama mdogo anatolewa mtoto wa jicho. Atakaa kwetu mpaka apone."

"Atalala wapi?"

"Unajua atakapolala."

"Mke wangu, chumba kile si cha watu!"

"Basi watu walale uani?"

Kitanda kikaingizwa, kikabanana na spika. Mama mdogo akafika, mwembamba, mcheshi, jicho moja chini ya bendeji na la pili likiona ukungu. Mwenyeji wake alimkaribisha kwa kinywa, moyo ukiwa umenuna. Kila Jumamosi alizoea kupiga deki chumba hicho mwenyewe, peku, suruali kaikunja hadi magotini, kwa kuwa hakumwamini mtu karibu na mitambo yake. Jumamosi hiyo deki haikupigwa. Mgonjwa alikuwa amelala.

Kesho yake, santuri ikizunguka taratibu, mgeni alinyanyuka akatembea kwa kupapasa. Alipenda ubaridi wa saruji, kwa hiyo hakuvaa kitu miguuni.

"Mkwe wangu," alisema, "huu mtambo wako unauma."

"Unauma vipi, Mama?"

"Kama siafu. Nimeugusa kidogo tu nikitafuta ukuta."

Mzee Kimya, malapa yake ya mpira miguuni, akaweka kiganja juu ya amplifaya. Hakuhisi kitu. "Ni ganzi ya vidole hiyo, Mama. Utu uzima una vituko vyake."

Jikoni alimlalamikia mkewe. "Hizi ni mbinu. Anataka mtambo utolewe apate nafasi."

Siku iliyofuata mgeni hakusema tena. Alipotaka kupita alijikunja upande wa pili wa kitanda, akiambaa ukutani. Mkewe Mzee Kimya alimwona, akasimama mlangoni.

"Mume wangu, anayeumwa akisema anaumwa, mimi sibishani naye. Kama hakuna kitu, vua malapa uushike."

"Ala! Nivue, nishike, na maneno haya yaishe!"

Akavua lapa moja. Alikuwa anavua la pili, mkono tayari umenyooka, mama mdogo alipopaaza sauti kutoka kitandani:

"Asishike! Jana ilikuwa siafu, asubuhi hii nimeugusa kwa ncha ya kidole tu, ilikuwa nge!"

Sauti ile haikuwa ya mchezo. Mkono wa mzee uliganda hewani. Mkewe hakungoja mjadala. Alikwenda kuzima swichi kuu, nyumba nzima ikatulia, kisha akampigia simu fundi umeme.

Fundi alikuja, mwanamke mfupi aliyejifunga leso kichwani. Alifungua plagi, akafungua amplifaya, akatoka nje kuchungulia nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa hatabasamu.

"Nani alikata huu waya?"

"Mimi," alisema Mzee Kimya. "Ulikuwa unaleta mvumo."

"Mzee, huo ndio unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Mpira wa waya wa transfoma ya humu ndani umeliwa na joto, umeme unavujia kwenye bati, na kila siku unazidi. Na hata usingekata, waya wa nje unaoshuka ardhini umekatika kwa kutu. Nyumba nzima haina kinga: friji, pasi, vyote."

"Mtu angeugusa mtambo akiwa peku, sakafu ikiwa na maji?"

"Tungekuwa tunazungumza na mjane."

Mzee Kimya aliketi ukingoni mwa kitanda cha mgeni. Aliiona Jumamosi ile ambayo angepiga deki: ndoo, maji, miguu mitupu, na kitambaa kibichi cha kufutia vumbi juu ya lile bati.

Kazi ilimalizika kabla ya jua kuzama. Fundi alipigilia fimbo mpya ya shaba ardhini, akarudisha waya uliokatwa, akaizungushia transfoma kinga mpya. Kisha akachomoa mtambo wa kaseti kwenye soketi ya ukuta wa pili, akauchomeka pamoja na amplifaya kwenye ekstensheni moja. "Vilikuwa vinavutana kwa nyaya za ardhi za soketi mbili," alisema. "Hapo ndipo ulipotoka mvumo wako." Santuri ilipowekwa, palikuwa na wimbo tu.

"Mama," mzee alisema kwa sauti ya chini, "nilikudhania vibaya. Niwie radhi."

"Yamekwisha, baba. Ongeza sauti kidogo."

Bendeji ilipotolewa, mama mdogo alianza kufunga mizigo yake. Mzee Kimya ndiye aliyeifungua tena, akimsihi akae japo wiki moja zaidi. Mkewe akacheka mpaka akashika mlango. Na yeyote aliyemuuliza mzee jinsi alivyonusurika hakumsikia akitaja waya wala fimbo ya shaba; mzee alimwonyesha mama aliyeketi karibu na spika, akasema, "Ndiyo maana walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone."