Fisi Aliyeshindwa na Tisini na Saba

Niwape, nisiwape?
— Tupe!
Ikiwakwama kooni?
— Tutaiteremsha kwa maji!

Bondeni palikuwa na kanga tisini na sita. Jirani yao alikuwa Kindi, mkia mkubwa kuliko mwili. Siku moja Kindi aliokota kifaranga wa kware, mama yake kachukuliwa na mwewe. Akampeleka kwa Mama Kanga, mkubwa wa kundi. Mama Kanga akasema midomo ya kulisha inamtosha. Kindi akarudi naye, akamlaza mkiani.

Mara akaja Fisi, kwata, kwata, kwata. Njaa imembana, ila alimwogopa Tembo, mwenye bonde. Basi akajifanya mtu wa haki. Akaapa mbele ya Tembo: kesho kanga na watoto wao wote atawapanga safu zilizo sawa, kisha atakula safu moja tu. Safu ya mmoja mmoja hataki, haijazi jino. Kuwaweka wote safu moja hataki, asije akaitwa mroho. Na safu zikikataa kulingana, atahama.

Kanga wakalia. Tisini na sita hukubali wawili wawili, watatu watatu, hata kumi na wawili kumi na wawili.

Kindi akamwaga mbegu zake chini. Akapanga, akapangua, akapanga, akapangua. Kisha akambeba kifaranga mpaka kwa Mama Kanga.

"Mpokee huyu, Mama. Mkiwa tisini na saba, Fisi hapati kitu."

Mama Kanga akampokea, lakini si kwa kupenda.

Kesho yake Fisi akapanga wawili wawili. Kifaranga akabaki peke yake, piyo, piyo. Akapanga watatu watatu. Kifaranga akabaki, piyo, piyo. Akapanga wanne wanne. Kifaranga akabaki, anatetemeka.

Fisi akamwambia Tembo kwamba huyo si kanga, atolewe kwenye hesabu.

Tembo akauliza taratibu, "Mtoto huyu ni wa nani?"

Mama Kanga akamtazama yule mdogo. Akatoka safuni, akamfunika kwa bawa.

"Ni wangu," akasema.

Fisi akaendelea. Watano watano, wakabaki wawili. Saba saba, wakabaki sita. Jua likazama, naye anapanga tu, ulimi nje.

"Bwana, usijichoshe," Kindi akamwambia. "Nimezijaribu zote kwa mbegu. Tisini na saba haigawanyiki."

Fisi akahama, kwata, kwata, tumbo tupu.

Asubuhi Kindi akaja kumchukua kifaranga, maana hatari imepita. Mama Kanga akalibana bawa.

"Amelala," akanong'ona. "Usimwamshe."

Kindi akaondoka kwa ncha za vidole.

Hadithi yangu nimeitua, mgongo umepumzika. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msipokee watoto wa watu. Wanaharibu hesabu.