Mbeleko ya Namkunda

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi, majokofu yalikuwa yamefika bondeni lakini yalikuwa hayajaupanda mlima. Huko mlimani aliishi msichana aitwaye Namkunda, ambaye mifupa yake ilikataa kuwa migumu. Alipofika miaka mitatu miguu ilipinda. Alipofika mitano alivunjika paja kwa kugeuka tu kitandani. Mama yake alifariki akimwacha mchanga, na alichomwachia ni mbeleko moja ya maua mekundu.

Mlimani kuna desturi. Mtoto akipanda kwa miguu yake hadi chemchemi ya juu, hutoa mbeleko yake akampa mtu aliyemwezesha kushuka mgongoni akatembea. Atakayepewa ndiye atakayeitwa mama na mtoto huyo maisha yote. Mbeleko haikatwi, na mama hawawi wawili. Kwa watoto wengine hakuna swali. Kwa Namkunda swali lilingoja miaka kumi na mmoja.

Bibi Nakijwa ndiye aliyembeba. Alimbeba shambani, alimbeba kanisani, alimbeba kila walikoelekezwa tiba. Watoto wakaimba, "Bibi ana nundu inayosema."

Namkunda akawajibu kutoka mgongoni, "Nundu ina masikio pia, na inawajua kwa majina."

Watu wazima wakasema, "Nakijwa, mtue huyo. Hatakuwa mtu."

"Mtu ni huyu huyu," Bibi akasema, akakaza fundo. Alimbeba hadi hospitali kubwa. Daktari akawaambia, "Ugonjwa huu ni adimu, amezaliwa nao. Dawa ipo, ni sindano, mara tatu kwa wiki. Tutaitunza kwenye jokofu la zahanati ya bondeni. Ikipata joto njiani, imeharibika."

Mjomba Sekiete akasema, "Kuipandisha niachieni mimi." Siku ya kwanza aliifukia chupa ndani ya barafu ya wauza samaki, akafika akijisifu, "Walitaka baridi, nimeleta baridi na nusu." Dawa ilikuwa imeganda kama jiwe. Alipoirudisha zahanati, muuguzi akamwambia, "Iliyoganda nayo imekufa, baba." Mjomba alilia mbele za watu bila kujificha. Tangu hapo aliivisha chupa taulo kama mtoto mchanga, isiguse barafu. Jumatatu alishuka akapanda, Jumatano alishuka akapanda, Ijumaa alishuka akapanda. Masika daraja likachukuliwa na maji. Akavuka mto, kisanduku kichwani, maji kidevuni.

Na nani atachoma? Dada yake Namkunda, Aikande, alikuwa kidato cha pili. Muuguzi alimfundisha kwa kuchoma chungwa. Siku za sindano zilikuwa siku za shule, dawa ilifika mchana na haikungoja jioni, na shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Akakosa wiki, akakosa mwezi, jina likafutwa. Akaikunja sare, akailaza chini ya godoro.

Leo paja la kulia, keshokutwa la kushoto, siku ya tatu tumbo. Palipochomwa pakawa pekundu, pakavimba. Namkunda alimng'ata dada yake mkono.

"Nakuchukia kuliko ugonjwa."

"Nichukie," Aikande akasema. "Ila legeza paja."

Sindano mia moja, maumivu yakapungua. Sindano mia mbili, akasimama akishika hori la ng'ombe. Sindano mia tatu, akaliachia hori.

Ndipo ikaja siku ya kupanda. Wale waliokuwa wakiimba nundu walitangulia kuondoa mawe njiani. Namkunda akapanda. Akapumzika, akapanda. Kijiji kizima kilimfuata, kikihesabu hatua. Alipotumbukiza miguu chemchemini, vigelegele vilisikika hadi zahanati.

"Nundu imeshuka," mtoto mmoja akasema.

"Imeshuka na inakuja kwako," Namkunda akajibu, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kisha wakainuka, maana mbeleko ilikuwa mkononi mwake.

Bibi Nakijwa akasema, "Mbeleko hii inaujua mgongo wangu. Waliposema nikutue, sikukutua. Ningekutua, daktari angemtibu nani?"

Mjomba Sekiete akasema, "Mgongo ulikufikisha kwenye dawa, lakini dawa ilikufikia kwa miguu yangu. Mwanamume kuitwa mama ni kichekesho, najua. Niite mama, nitaitika."

Aikande akakunja mkono wa gauni, akaonyesha alama za meno. "Bibi ulimkumbatia. Mjomba ulimpigia makofi kila alipotokea. Mimi ulinichukia, na Jumatano nikarudi. Wao walikupa nguvu zao, zimerudi. Shule yangu haijarudi."

Namkunda akawatazama wote watatu. "Na mimi je?" akasema. "Sindano zote hizo ziliingia mwili wa nani? Kungekuwa na desturi ya mtu kujiita mama, ningejifunga mbeleko hii kiunoni nikateremka nikiimba. Lakini nina miaka kumi na mmoja sijamwita mtu mama, na leo nataka kumwita."

Akainyoosha mbeleko, maua mekundu yakafunguka. Mikono mitatu ilikuwa mbele yake.

Nawe uliyesikiliza, uliyepanda nasi hadi chemchemini: ungeiweka juu ya mkono upi? Je, nani alistahili kuitwa mama?