Mchuzi wa Kumfukuza Mgeni

Paukwa!
Pakawa!
Nianze, nisianze?
Anza, masikio tunayo!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, aliishi Bi Nungunungu na mumewe, Bwana Nungunungu. Walipendana, na walipenda chumvi. Lo, chumvi! Kwenye mchuzi chumvi, kwenye muhogo chumvi, hata embe bichi, chumvi. Wewe unayecheka huko nyuma, kwenu je?

Na ukoo huo ulikuwa na desturi yake. Mgeni wasiyemtaka hawakumwambia ondoka. Walimpikia mchuzi bila chumvi. Akionja tonge la kwanza, anajua. Ananawa, anaaga, anakwenda zake.

Siku moja Bwana Nungunungu akaamka kichwa kinamgonga. Masikio yanavuma, vuuu! Moyo unakwenda du-du-du-du! Mkewe akamwita Korongo, mganga wa mtoni. Korongo akalaza kichwa kifuani pa mgonjwa. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Uso ukambadilika.

"Ni presha, na imepanda sana," akasema. "Dawa hii anywe kila siku, asiruke hata moja. Na chumvi, mama, ipunguzeni. Mkikaidi ataanguka, na anaweza asiamke."

Bi Nungunungu akaogopa. Siku ile akapika kunde kwa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kibuyu cha chumvi. Akaurudisha. Ukaenda tena. Akatia chembe chache tu, akafunika chungu.

Bwana Nungunungu akamega tonge, akachovya, akaonja. Miiba ikamsimama, shwaa!

"Mke wangu, umenichoka?"

"Sijakuchoka, mume wangu. Ni agizo la Korongo."

Mashavu, dada mkubwa wa Bwana Nungunungu, alikuwa akiishi nao. Akapiga makofi, pa! pa!

"Korongo! Tangu lini Korongo akaingia jikoni kwetu? Sema tu, wifi. Unamfukuza mdogo wangu nyumbani kwake!"

Bi Nungunungu akaokota vyombo. Iliuma, jamani, iliuma sana. Lakini kesho yake akapika vilevile.

Ajabu! Bwana Nungunungu akala, akalamba vidole. "Leo kimenoga!" Siku ya tatu, kimenoga. Bi Nungunungu akafurahi, akasema moyoni, ameanza kuzoea. Lakini moyo wa mumewe, du-du-du-du! Macho mekundu. Kuinuka kitini, ashike ukuta. Dawa anakunywa, chumvi imepunguzwa, sasa nini tena? Bi Nungunungu akakosa usingizi.

Siku ya nne akaenda mtoni, akasahau kata, akarudi. Jikoni akaona mgongo wa Mashavu. Mkono umezama kwenye kibuyu. Chwaa! Chunguni. Chwaa! Tena.

"Wifi! Unafanya nini?"

Mashavu hajafungua mdomo, uani kukasikika: puu!

Wakakimbia. Bwana Nungunungu yuko chini. Mdomo umekwenda upande. Wakamwita, kimya. Wakamtikisa, kimya.

"Korongo! Korongo weee!"

Korongo akaja mbio, wakamwingiza mgonjwa ndani, akawatoa wote nje. Jua likapanda, jua likashuka. Miiba ya Mashavu ilikuwa ikigongana kwa kutetemeka, cha-cha-cha.

"Nilimwonea huruma, wifi," akasema mwishowe. "Nilidhani namtetea."

Bi Nungunungu alimwangalia tu. Hasira anazo, machozi anayo, asijue aanze na lipi.

Korongo akatoka. "Yu hai. Lakini mkono wa kulia haunyanyuki."

Wiki ikapita, mgonjwa akaweza kuketi. Bi Nungunungu akapika, akaweka sinia moja katikati, mchuzi mmoja wa chumvi kidogo kwa wote. Akamega, akala wa kwanza.

"Mimi ndiye mwenye nyumba, na nakula hiki hiki," akasema. "Haya, najifukuza?"

Bwana Nungunungu akajaribu kuinua mkono. Ukagoma. Mashavu akasogea. Akafinyanga tonge, akachovya, akaonja yeye kwanza, akamlisha mdogo wake.

"Kula," akasema, sauti ikimkatika. "Hiki ndicho chakula cha mtu tunayetaka abaki."

Basi, wakubwa kwa wadogo, nasema wazi: mwenye presha apunguziwe chumvi, anywe dawa yake, na nyumba nzima ile pamoja naye. Kumwongezea kwa siri si kumpenda, ni kumuumiza. Hadithi yangu imeishia hapa, na aliyekaa karibu na kibuyu akisogeze mbali.