Muhuri wa Mwenyekiti Sengondo

Mwenyekiti wa mtaa, Sengondo, aliyejitwalia viwanja vya wajane watatu, alimrudishia Mwamvua fomu baada ya kusoma mstari wa kwanza tu.

"Unaomba ruzuku ya kuwawekea wajane wakili wanishtaki, halafu unataka barua yangu? Una wazimu, mama."

"Wafadhili ndio wanaoitaka, baba," alisema Mwamvua, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nyuzi. "Basi niandikie kwamba umekataa, wajane wasije wakasema nimezembea."

Sengondo alipenda kukataa kuliko kula. Aliandika kwamba viwanja kavichukua yeye, wajane hawana pa kumpeleka, na wakili hatakanyaga mtaani kwake.

"Na muhuri, baba. Watasema nimejiandikia."

Akaugonga mara mbili, wino ukakolea.

Mwezi uliofuata wakili aliingia mtaani, na Sengondo akamwendea Mwamvua mbio.

"Ruzuku umeipataje bila barua yangu?"

"Nimeipata kwa barua yako, baba. Fomu ilitaka barua ya kiongozi, yenye muhuri, inayothibitisha kwamba wajane wanaonewa. Wafadhili wameisifu sana. Wakili naye kaomba nakala ya kupeleka mahakamani."